Kombe la Rafuni, Leseni ya Ukutani: Kipi Kikuongoze Ukichagua Kampuni ya Madeni?

Bahasha tatu zilikuwa mezani, zote za kampuni zilizotaka kazi ya kukusanya madeni ya Sacco yetu. Ya kwanza ilikuwa nene, karatasi za kung'aa, na ukurasa wa mbele picha ya mkurugenzi aliyevaa suti nyeusi, kombe la kioo mkononi. Ya pili ilikuwa na nembo ya duara yenye nyota na neno "ithibati". Ya tatu ilikuwa karatasi nne zilizobanwa kwa pini, hakuna picha hata moja, na nyuma yake jedwali.

"Mwenyekiti, hawa wa kwanza wameshinda tuzo miaka miwili mfululizo," alisema mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu anayependa mambo yaishe kabla ya adhuhuri. "Sisi ni nani tuwakatae?"

"Walishindana na nani, Mwalimu?" akauliza mama mmoja wa kamati.

Hakuna aliyejua. Kikao kikaahirishwa, nami nikatumwa nikatafute jibu. Haya ndiyo niliyorudi nayo, nikayapanua kidogo kwa faida ya kamati nyingine kama yetu, wenye maduka wanaouza kwa mkopo, na yeyote anayetaka kujua aweke wapi akiba yake au akope kwa nani.

Kampuni za mikopo na madeni hujivika alama za namna nne: tuzo, daraja la ukadiriaji, ithibati na leseni. Zote hutundikwa ukuta mmoja, ndani ya fremu za aina moja, kwa hiyo mgeni akiingia ofisini huziona kama ndugu wa tumbo moja. Si ndugu. Kila moja ina baba yake, na ukitaka kuijua tabia yake, anza kwa kuuliza ni nani aliyelipa gharama za kuipata, na kama kuna mtu anayeweza kuja kesho akaivua ukutani.

Tuzo: bora kati ya walioomba

Sekta hii ina makombe mengi. Hapa Kenya, kila Siku ya Ushirika, Jumamosi ya kwanza ya Julai, Sacco zilizofanya vizuri huitwa mbele kupokea zawadi. Benki nazo zina usiku wao. Uingereza, taasisi ya kitaaluma ya wasimamizi wa mikopo iitwayo CICM, iliyoanzishwa mwaka 1939, ina sherehe yake, British Credit Awards, ambako idara zinazofuatilia ankara, wakusanyaji madeni na wauzaji wa programu za kazi hiyo hushindania vipengele vyao.

Utaratibu wa kawaida wa tuzo kama hizi ni kwamba kampuni hujipendekeza yenyewe. Hujaza fomu, hueleza kazi iliyoifanya, na jopo la majaji husoma na kulinganisha. Asiyejaza fomu hayumo, hata kama kazi yake ni safi kuliko ya wote. Kwa hiyo "mkusanyaji bora wa mwaka" maana yake ni bora kati ya walioomba kuitwa bora. Si uongo, ila ukisoma haraka unaweza kudhani nchi nzima ilipimwa.

Halafu kuna fedha. Ukumbi hulipiwa, chakula hulipiwa, mshereheshaji naye ana bei yake. Hela hizo hutoka kwenye ada za kushiriki, kwenye meza zinazouzwa kwa watu kumi kumi, na kwa wadhamini wa vipengele. Hapo penyewe hapana dhambi. Dhambi huanza mwenye meza nyingi anapokuwa ndiye mwenye makombe mengi, kila mwaka, na hakuna anayeshangaa.

Sacco yetu nayo iliwahi kuguswa na bahati hiyo. Tulipata barua pepe: hongera, mmeteuliwa kuwania tuzo ya usimamizi bora wa mikopo. Tulifurahi, kisha tukatazamana. Hatukuwa tumeomba. Hakuna aliyewahi kutuuliza hesabu zetu, wala kiasi cha mikopo iliyolala. Aya ya tatu ikaja na bei ya meza, na chini yake bei ya nakala ya pili ya kombe, "kwa ajili ya tawi lenu". Sacco yetu haina tawi. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: "Kombe hili tunalishinda au tunalinunua?" Tukaifuta.

Hata hivyo nisiwe kama sungura na zabibu zake. Kuna tuzo zenye adabu. Utazitambua kwa sababu majina ya majaji yako wazi kabla ya fomu kufunguliwa, vigezo vimechapishwa pamoja na alama za kila kigezo, waliofika fainali huhojiwa, na kuna mwaka ambao kipengele kimekosa mshindi. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Jopo linaloweza kusema "mwaka huu hakuna aliyefikia kiwango" ni jopo lililosoma fomu.

Na kuna hila moja ambayo kamati yetu sasa inaitumia kila mara. Kampuni ikija na kombe, tunaiomba fomu iliyojaza ili kulipata. Kama kweli ilishinda kwa kazi, ndani ya fomu ile kuna takwimu, kuna maelezo ya mradi, kuna majina ya wateja waliokubali kutajwa. Mwenye cha kuonyesha ataleta. Mwenye kigugumizi, umeshamjua. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kasoro moja haina dawa: kombe halirudishwi. La mwaka wa neema linabaki rafuni likimetameta hata waliolishinda wote wakishaacha kazi.

Leseni: inayodharauliwa kwa sababu kila mtu anayo

Leseni haisemi kampuni ni bora. Inasema imeruhusiwa. Ndiyo maana haipigiwi picha. Lakini katika alama zote nne, hii ndiyo yenye serikali nyuma yake, ndiyo ambayo kuikosa ni kosa la kisheria, na ndiyo inayoweza kuvuliwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Mimi nilikuwa nikiipita haraka. Siku hizi ndiyo ninayoanza nayo.

Tazama Sacco. Tangu Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya 2008, SASRA, mamlaka ya kusimamia Sacco nchini Kenya, hutoa leseni kwa zile zinazopokea amana, na leseni hiyo hufa kila tarehe 31 Desemba. Mwezi Januari orodha mpya huchapishwa. Ili kubaki humo, Sacco inayopokea amana lazima iwe na mtaji wa msingi usiopungua shilingi milioni 10, na mtaji huo ufikie asilimia 10 ya mali yake yote. Kanuni za 2020 zikawaingiza hata wale wasioruhusu kutoa amana kaunta, pindi amana za wanachama zinapovuka milioni 100. Hayo ni maswali ya hesabu. Hayajibiwi kwa suti nyeusi.

Sasa ona kinachotokea swali la leseni lisipoulizwa. Ukaguzi maalumu wa kampuni ya wahasibu ya PwC uliojulikana mapema 2025 ulionyesha kwamba takriban shilingi bilioni 13.3 zilikuwa zimepotea ndani ya KUSCCO, umoja wa Sacco zenyewe. Sacco ziliweka humo akiba za wanachama, kwa sababu ni kwetu, ni nyumbani, ni wakubwa wetu wanaotuwakilisha. Umoja ule haukuwa na leseni ya kupokea amana. Watu wa kamati za mikopo, ambao kazi yao ni kumdai fundi cherehani wadhamini watatu kabla ya kumkopesha elfu hamsini, hawakumdai mkubwa wao karatasi moja. Naandika hili bila kicheko.

Kwa mikopo ya simu mambo yalichelewa zaidi. Kwa miaka kadhaa programu za kukopesha zilizaliwa kama uyoga baada ya masika, bila mwenyewe. Marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu ya Kenya yalianza kutumika Desemba 2021, kanuni zikafuata Machi 2022, na Septemba mwaka huohuo wakopeshaji 10 wa kwanza wakapewa leseni. Kufikia Juni 2025 maombi yalikuwa yamezidi 700 na waliopewa walikuwa 126. Hesabu hiyo peke yake ni ukadiriaji: kwa kila sita waliobisha hodi, takriban mmoja ndiye alikuwa amefunguliwa mlango.

Jirani zetu Tanzania walikwenda njia yao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia benki hadi vikundi vya kijamii kama VICOBA, na kila daraja likapewa masharti yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza kwa majina programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Orodha ya waliokataliwa husaidia kuliko orodha ya waliotuzwa. Mtu aliyechoka na "kausha damu", mikopo ya riba ya kunyonya, hahitaji kujua nani kapata kombe. Anahitaji kujua nani asiguse.

Angalia pia leseni inaruhusu nini hasa. Kibali cha biashara cha kaunti, kile anacholipia hata muuza mahamri, si leseni ya kukopesha wala ya kunadi mali. Dalali wa mnada Kenya yuko chini ya Sheria ya Madalali ya 1996 na ana bodi inayompa leseni; Tanzania, dalali wa mahakama ana kanuni zake za 2017. Mkusanyaji madeni anayekupigia simu ni mtu mwingine kabisa. Hana mamlaka ya kubeba friji ya mtu, hata akizungumza kama anayo. Afrika Kusini waliliona pengo hilo mapema: Sheria yao ya Wakusanyaji Madeni ya 1998 iliunda baraza, na mkusanyaji lazima asajiliwe humo. Kampuni iliyotuletea kombe ilikuwa na kibali cha kaunti na cheti cha usajili wa kampuni, imevikuza na kuvipa fremu ya dhahabu. Hakuna kosa, ila fremu ilikuwa kubwa kuliko karatasi.

Daraja la ukadiriaji: herufi zinazosemea uwezo wa kulipa

Hapa wengi huchanganyikiwa, nami nilikuwa mmoja wao. Kampuni ya ukadiriaji, tuseme GCR ya Afrika Kusini, inapoipa benki daraja la A lenye (KE) pembeni, haisemi benki hiyo inahudumia watu vizuri. Inasema uwezekano wake wa kulipa madeni yake yenyewe ukoje, ukilinganishwa na wengine ndani ya Kenya. Herufi zile za nchini haziwezi kulinganishwa na herufi za nchi nyingine. Na anayelipia kazi hiyo, kwa kawaida, ni anayekadiriwa. Utaratibu huo ulishika kasi miaka ya 1970, na msukosuko wa 2008 Marekani ulionyesha mwisho wake: hatifungani za mikopo ya nyumba zilizokuwa na AAA, daraja la juu kabisa, zilishushwa kwa maelfu.

Soko lenyewe nalo hudanganyika. Imperial Bank ya Kenya iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoyumba, tarehe 13 Oktoba 2015, muda mfupi baada ya kuuza hatifungani ya shilingi bilioni 2 kwa wawekezaji walioipenda.

Wasimamizi wana kipimo chao cha ndani, CAMEL: mtaji, ubora wa mali, uongozi, mapato na ukwasi, kwa alama za 1 hadi 5, moja ikiwa ndiyo nzuri. Kilianzia Marekani mwaka 1979 na kimesambaa duniani. Kwa mchaguaji kina tatizo dogo: hutakiona. Benki Kuu ya Kenya huchapisha ni benki ngapi ziko imara na ngapi ni za wastani, bila majina.

Kipimo ninachompa kila mtu ni PEARLS, cha baraza la dunia la vyama vya akiba na mikopo, WOCCU. Uzuri wake ni kwamba ukiwa na taarifa za fedha za Sacco, zile zinazogawiwa kwenye mkutano mkuu na kufungiwa maandazi, unaweza kukokotoa mwenyewe baadhi ya viwango vyake. Mikopo iliyochelewa isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Mikopo iwe kati ya asilimia 70 na 80 ya mali. Deni lililochelewa zaidi ya miezi 12 liwe limetengewa akiba ya hasara kwa asilimia 100. Hakuna usiku wa tuzo, hakuna ada. Kalamu na dakika ishirini.

Ithibati: mkaguzi aliyekuja ofisini

Ithibati iko katikati ya tuzo na leseni. Kampuni huomba kwa hiari na hulipa, kama tuzo. Lakini mtu wa nje huja kukagua, na cheti kina tarehe ya kufa, kama leseni. CICM ya Uingereza ina yake kwa idara za mikopo, iitwayo CICMQ. Katika mikopo midogo kuna ile ya ulinzi wa mteja: ilianza na Smart Campaign, vyeti vikatolewa tangu 2013, na kampeni ilipofungwa mwaka 2020 kazi ikachukuliwa na mashirika ya SPTF na Cerise, ambao sasa hutoa viwango vya shaba, fedha na dhahabu. Wanayoangalia humo ni mambo ambayo kombe halina habari nayo: je, mteja anakopeshwa kupita uwezo wake, bei iko wazi, malalamiko yanapelekwa wapi, mdaiwa anatendewaje.

Muhimu ni kusoma tarehe na jina la ofisi iliyokaguliwa. Ile bahasha ya pili, yenye nyota? Cheti kilikuwa kimekwisha muda mwaka uliotangulia. Hakuna aliyeivua nembo kwenye karatasi za barua.

Kwa mwenye haraka, picha yote kwa pamoja ni hii:

| Alama | Nani hulipia | Hudumu hadi lini | Huvuliwa? | Inakuambia nini |
|---|---|---|---|---|
| Tuzo | Mshiriki na wadhamini | Milele, rafuni | Kwa nadra sana | Jambo moja walilolifanya vizuri mwaka fulani |
| Leseni | Mwombaji, kwa ada ya serikali | Hadi mwisho wa muda wake | Ndiyo, kisheria | Wameruhusiwa, na kuna wa kumshtakia |
| Daraja | Mara nyingi anayekadiriwa | Hadi lipitiwe upya | Hushushwa | Uwezo wao wa kulipa wanachodaiwa |
| Ithibati | Mwombaji | Hadi tarehe ya cheti | Ndiyo, akikaguliwa upya | Taratibu zao zilikuwa hivi siku ya ukaguzi |

Tuzo yenye meno: mfano wa Uingereza

Kuna mpango mmoja ambao nauonea wivu. Waingereza walikuwa na kanuni ya hiari ya kulipa wazabuni kwa wakati tangu 2008: miaka ya baadaye, waliotia saini walitakiwa kulipa asilimia 95 ya ankara ndani ya siku 60. Aprili 2019 kampuni 17 zikasimamishwa au kuondolewa kwa kutotimiza ahadi, na majina yakatangazwa. Desemba 2024 ukaja mpango mpya chini ya Kamishna wa Biashara Ndogo, na sasa ni medali. Dhahabu ni ya anayelipa angalau asilimia 95 ya ankara ndani ya siku 30. Fedha ni ya anayelipa asilimia 95 ndani ya siku 60, lakini za wafanyabiashara wadogo ndani ya 30. Shaba ni asilimia 95 ndani ya siku 60 kwa wote.

Hapo hakuna jopo la kuvutiwa na hadithi. Kuna siku, kuna asilimia, basi. Mwenye kiwanda kidogo akitaka kujua kama ampe mzigo kwa mkopo mteja mkubwa, medali ile inajibu swali lake hasa: nitalipwa lini? Fikiria kama wazabuni wa kaunti zetu wangekuwa na orodha kama hiyo. Wako watu Mombasa hapa waliopeleka chakula hospitalini na shuleni, wakasubiri malipo hadi gari la kupelekea chakula likauzwa. Medali ya shaba tu ingetosha kuwafanya walale.

Mdaiwa hana kiti mezani

Karibu kila kombe la ukusanyaji hutolewa kwa kiwango cha fedha zilizorudi. Mteja wa kampuni ya madeni ni mkopeshaji, na mkopeshaji anataka hela zake. Dawa ya deni kulipa, sote tunalijua hilo. Lakini ukipima jambo moja tu, utalipata hilo moja kwa gharama yoyote. Wakenya waliopigiwa simu na mama mkwe wakiulizwa "kuna kijana anasema unadaiwa elfu mbili" wanaelewa ninachosema. Kukopa harusi, kulipa matanga, ila matanga hayo hayakutakiwa yahudhuriwe na kila mtu aliye kwenye simu yako.

Kanuni za 2022 zimepiga marufuku hayo kwa wakopeshaji wa kidijitali: vitisho, matusi, kupekua orodha ya namba za mkopaji na kuwaandikia jamaa zake, kumwanika mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo ina meno. Mwaka 2023 kamishna wa data alimtoza mkopeshaji mmoja wa simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wasiohusika. Kwa hiyo kamati ikichagua mkusanyaji, inachagua pia jina lake litasemwaje misibani na harusini. Mdaiwa wa Sacco si mtu baki. Ni mwanachama, ana hisa, na mwakani atapiga kura.

Swali la kuuliza kampuni: onyesheni daftari la malalamiko. Wakisema hawana malalamiko hata moja, wanasema hawana daftari.

Ukitaka kulinganisha kwa haki

Kiwango cha ukusanyaji kinachotajwa bila umri wa deni ni porojo. Kanuni za Sacco Kenya zinagawa mikopo kwa siku: iliyochelewa siku 1 hadi 30 inaangaliwa, 31 hadi 180 ina dosari, 181 hadi 360 ina shaka, zaidi ya 360 ni hasara. Akiba ya kujikinga hupanda vivyo hivyo, asilimia 5, 25, 50, hadi 100. Kampuni inayokusanya asilimia 60 ya madeni ya siku 45 huenda haijafanya kazi yoyote. Watu wale wangelipa mshahara ukiingia. Inayokusanya asilimia 15 ya madeni ya siku 400 inastahili kupikiwa biriani.

Sisi tulifanya hivi. Tulikuwa na mafaili 84 yaliyopita siku 180. Wenye namba witiri za uanachama tukaipa kampuni ya kombe, wenye namba shufwa tukaipa ile ya karatasi nne, kwa siku 90, masharti yaleyale. Hakuna aliyechagua mafaili mepesi. Fedha zote zilipita akaunti ya Sacco moja kwa moja, hazikulala kwa mkusanyaji hata usiku mmoja. Hili la mwisho mtu asilifanyie mjadala.

Kampuni ya kombe ilirudisha shilingi 690,000. Kamisheni yao asilimia 20, tukabaki na 552,000. Ya karatasi nne ilirudisha 610,000 kwa kamisheni ya asilimia 12, tukabaki na 536,800. Tofauti ni 15,200, na Mwalimu alikuwa tayari kutangaza mshindi. Kisha tukafungua daftari la malalamiko tulilokuwa tumeliweka sisi wenyewe. Upande wa kombe, tisa. Upande wa pili, mawili. Upande wa kombe, wadaiwa 6 walikuwa na mpango wa kulipa kidogokidogo na bado wanaufuata. Upande wa pili, 15. Na upande wa kombe, wadhamini watatu walikuwa wameandika barua za kujitoa uanachama baada ya kupigiwa simu saa nne usiku. Mdhamini mmoja tu akiondoka na akiba yake, ile 15,200 imekwenda na maji.

Anayetafuta mahali pa kukopa hana haja ya yote haya. Kwake mpangilio ni mfupi: aangalie orodha ya wenye leseni, asome gharama yote kwa shilingi badala ya asilimia ya mwezi, na atumie haki yake ya kupata taarifa yake ya CRB, ofisi inayotunza rekodi za mikopo ya watu, bure mara moja kwa mwaka kabla mkopeshaji hajaisoma. Kombe aliache kabisa. Anayetaka kuweka akiba aongeze viwango vitatu vya PEARLS juu ya leseni. Mwenye kampuni anayetafuta msaada wa kufuatilia ankara ndiye anayeweza kunufaika na tuzo kidogo, kama orodha ya kuanzia ya watu wa kuwapigia simu, mradi asiishie hapo.

Tulitoa kazi kwa kampuni ya karatasi nne kwa mwaka mmoja, na kifungu kwamba malalamiko matano ndani ya robo mwaka yanavunja mkataba. Wiki iliyopita wametuandikia. Wanataka kushiriki tuzo za mwaka huu na wanaomba barua yetu ya kuwaunga mkono. Mwalimu ameshaiandika. Ameambatisha jedwali la siku 90, pamoja na yale malalamiko mawili.